Anti, Wanavunja Mgongo Kweli? Maswali yenu kuhusu siku ya kwanza kwa kairoprakta

Jamani barua za safari hii ni mgongo, kiuno, shingo, mgongo tena. Nadhani ni kosa langu, toleo lililopita nilidokeza kidogo tu kwamba kiuno changu kilishawahi kunifikisha kwa kairoprakta, basi kila mtu kaona na yeye afunguke. Kwa ambao neno lenyewe ni geni, kairopraktiki ni tiba ya kutumia mikono kwenye viungo, hasa pingili za uti wa mgongo, na anayeifanya ndo kairoprakta. Sio mkandaji, sio mtu wa fiziotherapi, sio daktari bingwa wa mifupa, ingawa kazi zao zinagusana sana. Na mimi ni Anti wenu tu mwenye kiuno kibovu na tabia ya kusoma kila kitu, tabibu sio mimi, msije mkanishtaki.

SWALI: Nimewekewa miadi Alhamisi, naogopa

Shikamoo Anti. Nina miaka 34, kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima. Huu mwezi wa tatu kiuno kinauma, kikianza kinashuka mpaka kalio la kulia. Rafiki yangu kaniwekea miadi kwa kairoprakta Alhamisi ijayo. Sasa nikasema niangalie video zao kwanza nijue naenda wapi, nikaona mtu kashikwa kichwa, kinazungushwa, KA! Nikaizima simu. Anti siku ya kwanza wananifanya nini? Nivae nini? Na nikifika pale nikaghairi inakuwaje?
*Mwoga wa Alhamisi*

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza hizo video ziache. Mtu anayerekodi anachukua zile sekunde kumi za mlio, ile nusu saa ya mtu kukaa kwenye kiti anaulizwa maswali anaikata, maana nani atakaa aangalie mtu anajibu maswali? Sasa hiyo nusu saa iliyokatwa ndo siku yako ya kwanza yenyewe. Andaa kama nusu saa mpaka saa nzima, na sehemu kubwa ya muda huo hakuna atakayekuzungusha kitu chochote.

Ukifika utapewa fomu. Usiijaze mbio mbio kama unasaini kitabu cha wageni getini. Wanataka kujua maumivu yalianza lini na yalianzaje, yanazidi ukikaa au ukisimama, yanakuamsha usiku au la, umewahi kufanyiwa upasuaji, umewahi kupata ajali, una presha, una kisukari, umewahi kuwa na saratani, una ujauzito, mifupa yako imeshapimwa ikaonekana dhaifu. Na dawa zote unazotumia, ziandike kwenye karatasi nyumbani kabisa, hasa zile za kuzuia damu isigande na zile za stiroidi kama umezitumia muda mrefu, kwa sababu stiroidi za muda mrefu zinadhoofisha mifupa na mfupa dhaifu hausukumwi kwa nguvu. Kama una picha za zamani za eksirei au MRI (ile mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) zibebe.

Hapo kwenye historia ndo wengi wetu tunaficha, mimi wa kwanza. Nilipoulizwa kama nimewahi kuanguka nikasema hapana. Kumbe miezi minne nyuma niliteleza ngazini na beseni la nguo mikononi, nikakaa chini kwa kishindo, ngazi mbili. Niliona aibu kusema, afu nilijiambia halihusiani. Yule bwana akaendelea na vipimo vyake taratibu, anabonyeza pingili moja moja kwa kidole gumba, akafika sehemu moja chini kabisa karibu na makalio nikaruka. Akatoa mkono, akarudi kwenye kiti chake, akachukua kalamu. "Mama, hapa uliumia lini?" Beseni likatoka. Kwa hiyo we sema yote, hata ya aibu, yeye ndo atajua lipi linahusu na lipi halihusu.

Na kuna maswali atakuuliza utaona huyu mtu hana adabu. Unapata shida kutoa haja ndogo? Haja kubwa inakutoka bila kujua? Kuna ganzi katikati ya mapaja, zile sehemu ambazo ungekalia tandiko la farasi? Miguu yote miwili imeishiwa nguvu? Mwanangu jibu bila haya, kwa sababu mkiani mwa uti wa mgongo kuna fungu la neva linalohudumia huko chini, likibanwa ni dharura, ni hospitali siku hiyohiyo, sio kitanda cha kairoprakta. Hali kadhalika homa isiyoeleweka, kukonda bila sababu, maumivu ya usiku yasiyotulia hata ukigeuka vipi. Kairoprakta anayejua kazi yake akisikia moja ya hayo anaacha kila kitu anakuandikia barua ya kwenda kwa daktari. Mimi mtu wa hivyo namheshimu kuliko mwenye mikono ya ajabu.

Baada ya hapo vipimo. Atakusimamisha akuangalie kwa nyuma, bega lipi limeshuka, nyonga imekaaje. Uiname mbele, uiname nyuma, upinde ubavu huu na huu, hapo anaangalia unaishia wapi na uso unaukunja saa ngapi. Presha atapima. Utatembea kwa visigino, utatembea kwa vidole, utacheka mwenyewe, ila anapima nguvu za misuli ambayo neva za kiunoni zinaiendesha. Atagonga goti kwa kanyundo ka mpira aone mguu unaruka. Kwako wewe ambaye maumivu yanashuka kwenye kalio naamini hatakosa hiki: utalala chali, atakunyanyua mguu ukiwa umenyooka, taratibu, aone kama kuna moto unashuka mpaka chini ya goti. Ukishuka hivyo kabla mguu haujafika juu sana anashuku kuna neva inabanwa, na hiyo inabadilisha mpango mzima.

Eksirei? Watu wengi wanadhani bila picha hujatibiwa. Kwa kiuno cha kawaida kisicho na zile dalili mbaya, miongozo ya kitabibu inasema usikimbilie picha, hasa wiki sita za mwanzo. Sababu ni moja nzuri sana. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za picha za migongo ya watu ambao HAWAUMWI, wakakuta diski, zile pedi laini zilizo kati ya pingili, zimechakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, na kwa watu wa miaka 80 ni asilimia 96. Yaani ukipigwa picha kuna uwezekano mkubwa kikaonekana kitu, afu utembee na hofu ya kitu ambacho pengine hata sio kinachokuuma. Kwa hiyo akikuambia kila anayeingia hapa lazima apigwe eksirei, muulize kwa nini, na jibu liwe la kwako, sio la kila mtu.

Akimaliza kupima anatakiwa kukaa na wewe akueleze anadhani ni nini, anapendekeza nini, kuna hatari gani, kuna njia gani nyingine, afu akuombe ridhaa. Wengine wanakutibu siku hiyohiyo, wengine wanakwambia rudi siku ya pili nikusomee majibu ndo tuanze. Vyote sawa. Kisicho sawa ni mtu kukulaza kitandani kabla hajajua hata dawa unazokunywa. Ukikutana na huyo, vaa viatu vyako.

Sasa kitanda chenyewe, maana najua ndo unachosubiri. Ni kirefu, chembamba, kimegawanyika vipande vipande, na upande wa kichwa kina tundu la kuwekea uso ukilala kifudifudi. Juu ya tundu wanaweka karatasi laini iliyopasuliwa katikati. Utaingiza uso pale, pua inabaki hewani, na kuanzia hapo ulimwengu wako wote ni sakafu na viatu vya huyo kairoprakta vinavyopita kushoto, kulia, vinasimama. Mimi nilivijua viatu vyake kuliko sura yake, vya kahawia, kamba ya kushoto ndefu kuliko ya kulia. Utasikia viganja vinapapasa mgongo, vinatafuta sehemu iliyokaza. Anakwambia vuta pumzi, toa, na pumzi ikiisha anasukuma, haraka sana ila umbali mdogo sana, pengine hata hutajua kama imeshatokea. Kwa kiuno mara nyingi atakulaza ubavu, goti la juu limekunjwa, bega analivuta huku na nyonga anaisukuma kule. Vitanda vingine kuna kipande kinashuka sentimita chache kwa mlio wa PA! pale anaposukuma. Sio mgongo huo mwanangu, ni kitanda, mi nilipiga kelele bure.

Na ule mlio wa mgongo wenyewe wala sio mfupa kuvunjika, wala sio mfupa "kurudi mahali pake" kama tunavyoambiana. Kiungo kimefungwa ndani ya kifuko chenye ute, kikivutwa ghafla mgandamizo wa ndani unashuka, uwazi wa gesi unatokea ndani ya ule ute, ndo unasikia ka. Mwaka huohuo wa 2015 watafiti wa Kanada walichukua vidole wakavivuta ndani ya mashine ya MRI mpaka vikalia, na uwazi huo ukaonekana ukijitengeneza palepale. Ndo maana ukivunja kidole kikalia, ukijaribu tena saa hiyohiyo kinagoma, kinataka kama dakika 20 hivi. Na kukosa mlio hakuna maana kwamba tiba imeshindikana. Kuna mgonjwa analipia mlio badala ya nafuu, usiwe huyo.

Kuhusu shingo, hapa nakuwa mkali kidogo. Kuna mishipa ya damu inapita ndani ya pingili za shingo kwenda kwenye ubongo, na kumeripotiwa watu waliopata mpasuko wa mishipa hiyo na kiharusi baada ya shingo kuzungushwa kwa nguvu. Ni nadra, na wanaobisha wanasema mtu mwenye mpasuko tayari huumwa shingo, ndo maana akaenda kwa kairoprakta, kwa hiyo nani alimtangulia mwenzie ni mjadala. Sawa, mjadala uendelee, ila shingo ni yako. We unaumwa kiuno, shingo yako haijalalamika, kwa nini ishikwe siku ya kwanza? Sema tu "shingo usiiguse," haihitaji maelezo. Hata kama ingekuwa shingo ndo inauma zipo njia za pole pole, kuna kusukuma taratibu bila kushtukiza, kuna kifaa kidogo chenye springi kinachogonga kama kalamu, kuna kukanda misuli, kuna mazoezi. Muulize.

Nguo: suruali laini ya mazoezi na tisheti. Jinzi ngumu yenye mkanda itakutesa, na utakapolala ubavu na goti juu utaelewa kwa nini sketi ya kubana sio wazo zuri. Pengine utapewa gauni la kufungua mgongoni. Ukitaka mtu wako awe chumbani, ndugu au mhudumu wa kike, omba tangu unapiga simu, ni haki yako na hakuna atakayekushangaa. Usiende na njaa, wala umetoka kushiba hapohapo, utalalia tumbo.

Na kughairi? Wakati wowote. Hata ukiwa umeshalala, hata mikono yake ikiwa imeshawekwa. Neno "subiri" linatosha.

SWALI: Nimetoka jana, leo naumwa zaidi

Anti habari. Jana nilifanyiwa mara ya kwanza, mgongo wa juu. Nilitoka mwepesi kama unyoya, leo nimeamka kama nimebebeshwa mawe, na kichwa kinauma kwa mbali. Wameniharibu?
*Mzito wa Asubuhi*

JIBU

Salama mdogo wangu, pole sana. Yaelekea hapana. Karibu nusu ya wanaofanyiwa hupata hiki kitu, misuli kuuma, uchovu, kichwa kidogo, na huwa kinaisha ndani ya siku moja au mbili. Ni kama ukifanya mazoezi baada ya kukaa mwaka mzima. Tembea tembea, weka kitu cha moto, usibebe vizito leo, na ukirudi mwambie, maana mtu mwenye mwili kama wako pengine anahitaji mkono mwepesi zaidi.

Ila nisikilize vizuri hapa. Kama maumivu ya kichwa au shingo ni makali ghafla na ya aina ambayo hujawahi kuyapata, ukaanza kuona kitu kimoja viwili, kizunguzungu, mdomo kwenda upande, ulimi mzito, chakula kinakwama kumezeka, unayumba, hiyo sio ya kusubiri siku mbili. Dharura, sasa hivi, na ukifika waambie umetoka kuchezewa shingo au mgongo. Na zile habari za ganzi katikati ya mapaja na haja nilizomwambia mwenzio hapo juu, vilevile.

SWALI: Ni daktari au sio daktari?

Anti naomba kuuliza, mlangoni kwake ameandika "Dk." Mume wangu anasema hao ni waganga tu. Nani yuko sahihi?
*Mke wa Mbishi*

JIBU

Kila mmoja ana kipande chake, mwambie shemeji asijipongeze sana. Tiba hii ilianza Marekani mwaka 1895, mji wa Davenport jimbo la Iowa, na aliyeianzisha ni D. D. Palmer ambaye kabla ya hapo alikuwa anafanya kilichoitwa tiba ya sumaku, akidai mikono yake ina nguvu ya kuponya. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Harvey Lillard, mfagizi wa jengo alilokuwa anafanyia kazi, mtu mwenye tatizo la kusikia, na Palmer akadai baada ya kumsukuma pingili ya mgongo masikio yakafunguka. Kutoka hapo akajenga nadharia kwamba karibu magonjwa yote yanatokana na pingili zilizosogea zikabana neva. Hiyo nadharia haijathibitika, na kwenye hilo mumeo ana haki ya kununa.

Lakini tangu enzi hizo watu wamesoma. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo mwaka 2005, mafunzo kamili yawe na saa zisizopungua 4,200, na kuna nchi ambazo ni taaluma ya leseni kabisa. Uingereza kwa mfano ina sheria tangu 1994, huwezi kujiita kairoprakta bila kusajiliwa. Hiyo "Dk." ni ya shahada yake ya kairopraktiki, sio ya udaktari wa hospitali, haandiki dawa hizi tunazozijua wala hapasui mtu. Na kwenye mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno wa Desemba 2023, shirika hilohilo liliweka tiba ya kusukuma uti wa mgongo miongoni mwa njia zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Kwa hiyo kiuno, ndiyo, ana la kukusaidia. Akianza kukwambia atakutibu pumu, kisukari au presha kwa kunyoosha pingili, hapo amerudi 1895, muage. Kabla ya kwenda uliza kasajiliwa wapi na kasomea wapi. Aliyesoma hachukii kuulizwa.

SWALI: Mara tatu kwa wiki, mwaka mzima

Anti mimi nimeenda siku ya kwanza tu, wakanionyesha picha ya uti wa mgongo wangu una rangi nyekundu kila mahali, wakasema bila tiba ya mwaka mzima nitapooza. Nilipie yote mwanzo nipate punguzo. Nimechanganyikiwa.
*Nyekundu Kila Mahali*

JIBU

Pole mwanangu, umenikumbusha yangu. Kabla ya yule bwana wa viatu vya kahawia nilikanyaga kwa mwingine, simtaji. Nilikaa kiti dakika kumi, hakunigusa goti kwa nyundo, hakuniuliza dawa, akatoa mkataba wa mara 24 wenye sehemu ya sahihi tayari na tiki ya penseli pale ninapotakiwa kusaini. Ile tiki ndo iliniudhi kuliko yote. Nilisema naenda chooni, nikapitiliza.

Hakuna anayeweza kukuambia siku ya kwanza kwamba utahitaji mwaka. Maumivu mengi ya kiuno ya ghafla hupungua yenyewe ndani ya wiki chache hata usipofanya la maana. Mpango wa kueleweka unakuwa hivi: tufanye mara kadhaa ndani ya wiki tatu nne, afu tupime tena vilevile tulivyopima mwanzo, umeinama mpaka wapi, unalala usiku, unakaa kitini dakika ngapi. Kama kuna nafuu tunapunguza. Kama hakuna tunabadilisha au unaenda kwa mwingine. Na ndani yake lazima kuwe na kitu unafanya mwenyewe nyumbani. Miongozo ya Uingereza inasema wazi kwamba tiba ya mikono iende pamoja na mazoezi, sio peke yake. Mtu asiyekupa zoezi hata moja anataka urudi, basi.

Kuhusu kupooza, kama kweli aliona dalili za kupooza alitakiwa akupeleke hospitali mbio, sio akupe punguzo. Usisaini. Kama umeshasaini soma kipengele cha kurudishiwa hela, andika barua leo.

SWALI: Mtoto wa miezi minne

Shikamoo Anti, mwanangu analia sana jioni, nimeambiwa kairoprakta anamnyoosha anatulia. Nimpeleke?
*Mama Kichanga*

JIBU

Marahaba mama. Mimi nasema hapana. Ushahidi kwamba kunyoosha mgongo wa kichanga kunatuliza kilio hautoshi, na mwaka 2019 bodi inayosimamia makairoprakta Australia iliwaambia waache kusukuma uti wa mgongo wa watoto chini ya miaka miwili wakati suala linachunguzwa. Mpeleke kwa daktari wa watoto aangaliwe kama kuna kinachomsumbua, na wewe tafuta mtu akupokee jioni moja moja ulale.

SWALI: Vidole

Anti, mi huvunja vidole kila siku, mama anasema nitapata baridi yabisi. Nikienda kwa kairoprakta si atanikuta nimeshajimaliza?
*Vidole Ka Ka Ka*

JIBU

Kuna daktari mmoja Marekani, Donald Unger, aliambiwa na mama yake maneno hayohayo. Akavunja vidole vya mkono wa kushoto kila siku kwa zaidi ya miaka 60, wa kulia akauacha, afu akalinganisha. Baridi yabisi hakuna, mkono wowote. Mwaka 2009 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti wa kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Ni mtu mmoja tu lakini, usimtumie kumjibu mama vibaya. Ila shingo yako mwenyewe usiizungushe kwa mikono miwili kama nionavyo vijana wakifanya, vidole na shingo havina undugu.

SWALI: La mwisho, dogo

Nivue hereni?
*Hereni Ndefu*

JIBU

Vua, na mkufu, na banio la nywele la nyuma, utalalia uso. Na kama unaongozana na mwanaume mwambie atoe pochi mfuko wa nyuma kabla hajalala chali, wangu alilala nayo, kairoprakta akapima nyonga mara mbili anashangaa mbona moja iko juu.